Tablo yenye kila mutu anaweza kusoma, hata asiyeona

Siku ya Pili asubui, mbele ya saa mbili, kijana mumoja alishuka kwenye bisi karibu na chuo kikuu chake hapa Lubumbashi, fimbo nyeupe mukononi. Usiku muzima alikuwa amerudilia somo la Finances publiques. Alipofika kwenye sale, alisukuma mulango: umefungwa. Hakukuwa hata sauti ya mwanafunzi mumoja. Sentinele akamuambia: «Mutoto, leo hapa hakuna mutu.» Kijana akafikiri mutihani umesogezwa, maana kwetu mambo ya namna hiyo yanatokeaga. Akarudia Katuba, akalipa bisi mara ya pili, na usiku akafungua somo lingine, Procédure civile, juu kwa hesabu yake ndilo lilikuwa la Siku ya Tatu.

Siku ya Tatu akakuta sale imejaa. Lakini ulizo zenye waliwasomea zilikuwa za Finances publiques.

Alipata 9 juu ya 20.

Kijana huyo alipoteza macho akingali mutoto. Sasa iko mwaka wa tatu wa sheria. Masomo anayarekodi kwenye telefone, karatasi anazisikia kwenye ordinatere ya zamani yenye mujomba wake alimuachia. Na musifikiri kama hakupewa orere ya mitihani, ile karatasi yenye kuonyesha siku na saa. Alipewa. Mama sekretere alijua kama huyu hawezi kusoma kwenye valve kama wengine, akamutumia fishie ya Word, kwa roho nzuri kabisa. Shida ilikuwa ndani ya fishie yenyewe.

Siku ya Yenga iliyofuata alinikaribisha kwake kusudi nisikie. Aliondoa ekutere kwenye masikio, akaacha sauti itoke inje. Sauti ya kimashine, ya haraka, ikasema kwa Kifaransa: lundi, mardi, mercredi, jeudi, vendredi, samedi. Halafu: huit heures. Halafu: Droit pénal, Finances publiques, Procédure civile, Droit commercial. Basi.

«Papa, umesikia?» akaniuliza. «Masiku sita, makurse ine. Miye nilihesabia na vidole. Ya kwanza na siku ya kwanza, ya pili na siku ya pili. Ningefanya namna gani?»

Nilisogeza kiti, nikatazama kioo. Kwa macho, ile tablo ilikuwa safi. Droit pénal chini ya lundi. Chini ya mardi, hakuna kitu. Finances publiques chini ya mercredi. Chini ya jeudi, hakuna kitu. Procédure civile chini ya vendredi, Droit commercial chini ya samedi. Lakini haikuwa tablo. Mwenye kuiandika alisukuma ile barre ya nafasi kwenye klavie mara makumi na makumi mupaka maneno yakajipanga vizuri. Kwa macho, nafasi tupu inasema: siku hii hakuna mutihani. Kwa sauti, nafasi tupu haisemi kitu. Sauti iliruka juu yake, na mitihani yote ikasogea kushoto.

Sauti haina juu wala pembeni

Kwa musomaji mwenye hajakuwa karibu na mutu asiyeona, tueleze kwanza. Kuko programu zenye kusoma kioo cha ordinatere ao cha telefone kwa sauti. Yenye kijana wetu anatumia inaitwa NVDA. Haiuzwi. Walioianzisha ni vijana wawili wa Australia, Michael Curran na James Teh, wote wawili hawaoni. Waliianza mwaka wa 2006 juu programu za namna hiyo zenye zilikuwa kwenye soko zilikuwa na bei ya mamia ya dola. Kati ya hizo za kuuzwa, yenye kujulikana sana ni JAWS, iliyotoka mwaka wa 1989, kazi ya Ted Henter, Mumarekani aliyepoteza macho katika aksida ya gari. Kwenye telefone za Android kuko TalkBack, na kwenye iPhone kuko VoiceOver tangu mwaka wa 2009. Zote zinasema Kifaransa. NVDA inaweza hata kusema Kiswahili, ijapokuwa matamshi yake ni ya kimashine.

Mutu anayeona anapotazama tablo, macho yake yanafanya kazi mbili bila yeye kujua. Yanapanda juu kwenye kichwa cha kolone, yanaenda kushoto kwenye mwanzo wa mustari, halafu yanarudi katikati. Katika sekonde moja anajua: hii 14 ni ya mutoto fulani, katika Géographie, periode ya pili.

Sauti haina juu wala pembeni. Inakuja neno kwa neno, kama mutu anayepita mulangoni. Kama inasema tu «14», mwenye kusikia anabaki anajiuliza: 14 ya nini? Ya nani?

Lakini hapo ndipo watu wengi wanakosea. Wanafikiri basi mutu asiyeona hawezi kutumia tablo, ni heri kumusomea. Si kweli. Kama tablo imetengenezwa kweli, programu inafanya ile kazi ya macho. Kwa NVDA, mutu anashika Control na Alt pamoja, halafu anatembea na mishale ya klavie: chini, juu, kuume, kushoto. Anapoingia, sauti inamuambia tablo iko na mistari mingapi na kolone ngapi. Anapohama kolone, inamutajia kichwa cha ile kolone, halafu inasoma yenye kuwa ndani. Akitaka tu Siku ya Tatu, anaenda kwenye kolone ya Siku ya Tatu na kushuka. Hana lazima ya kusikiliza karatasi nzima.

Ile Siku ya Yenga tulifanya jaribio. Nilichukua orere ileile, nikaiandika upya katika tablo ya kweli, na kila kachumba katupu nikakaandika «pas d'examen». Ilinichukua kama dakika nane, juu miye si mutu wa haraka. Kijana akaingia ndani na mishale. «Mardi, pas d'examen», sauti ikasema. Akasukuma tena. «Mercredi, Finances publiques.»

Alinyamaza kidogo. Halafu akasema: «Ni hii tu?»

Tablo za uongo tunazoandika kila siku

Niungame: miye mwenyewe nimeandika tablo za uongo myaka mingi. Liste ya michango ya familia, orere ya kazi ya jumuiya, hesabu ya matanga: zote kwa kusukuma nafasi. Hakuna aliyenifundisha namna ingine. Kwa hiyo sitaki kumulaumu ule mama sekretere. Nataka tujue namna gani tunakosea, na kuko namna tatu zenye zinarudia sana.

Ya kwanza ni hiyo ya nafasi, ao ya tusi ya Tab. Kwa ordinatere, hakuna tablo pale. Kuko tu sentensi zenye matundu.

Ya pili ni picha. Mutu anapiga foto ya valve, anaitupa kwenye grupe ya WhatsApp, na kila mutu anashukuru. Programu ya kusoma kioo inapofika kwenye foto, inasema kama kuko picha, na mara nyingi inaishia hapo. Vilevile karatasi yenye waliscana na kuiita PDF: jina ni la karatasi ya kusoma, lakini ndani yake ni foto. Ukitaka kujua, jaribu kuchagua neno moja na souris. Kama neno halishikike, hata programu haitaliona.

Ya tatu ni ya wale wanaojua Word vizuri, na ndiyo yenye kudanganya zaidi. Ni kuunganisha tuchumba, yenye Word inaita «Fusionner les cellules». Tuseme kazi ya vitendo inachukua Siku ya Ine na Siku ya Tano. Mwandishi anaunganisha tule tuchumba tuwili, anaandika neno mara moja katikati. Kwa macho ni muzuri. Lakini sasa mustari ule uko na tuchumba sita, na mingine iko na saba. Mwenye kusikia anapotoka kwenye Siku ya Tano na kupanda juu, hajui tena kama anaangukia kwenye kolone gani. Dawa ni rahisi: acha tuchumba tuwili, na uandike neno mara mbili.

Mambo ya kufanya, moja kwa moja

Majina ya menu tunayaacha katika Kifaransa, maana ndivyo yako kwenye ordinatere nyingi za kwetu.

Kwanza, tengeneza tablo kupitia «Insertion», halafu «Tableau». Usichore mistari, usisukume nafasi.

Pili, andika vichwa vya kolone kwenye mustari wa kwanza, mustari mumoja tu, na kila kolone iwe na kichwa chake. Hata kolone ya kwanza, ile yenye watu wanaachaga tupu kwenye pembe: andika «Saa» ao «Jina». Halafu mwambie Word kama huo ni mustari wa vichwa. Weka kursere pale, enda kwenye «Disposition» ya tablo (kwenye Word zingine ni «Mise en page»), na uchague «Répéter les lignes d'en-tête». Kwenye «Création de tableau», angalia kama «Ligne d'en-tête» na «Première colonne» zimechaguliwa. Kuandika vichwa kwa herufi nene ao kupaka rangi ni kwa macho tu. Ordinatere haielewe kama hicho ni kichwa mupaka umuambie hivyo.

Tatu, jina la tablo liandikwe inje, kwenye mustari wake juu ya tablo. Watu wanapenda kuunganisha mustari wote wa juu na kuandika ndani «HORAIRE DES EXAMENS». Basi programu inashika ile kama kichwa cha kolone, na inairudilia kwenye kila kachumba. Fikiri kusikia «horaire des examens» mara makumi ine.

Ine, usiache kachumba katupu bila sababu. Mutu mwenye kusikia «vide» hajui kama hakuna kitu, ao kama mwandishi alisahau, ao kama neno liko upande mwingine. Andika «hakuna», ao sifuri, ao «haijajulikana». Maneno hayo matatu hayana maana moja, na hata anayeona atafurahi kujua tofauti.

Tano, rangi isiseme peke yake. Kwenye shule nyingi, mwenye kukosa nusu ya alama anaandikwa na rangi nyekundu. Sauti inasoma 23 nyekundu sawa na 23 nyeusi. Ongeza kolone moja yenye kusema «amekosa» ao «amepita».

Sita, kama tablo ni kubwa sana, igawanye. Tablo mbili ndogo zenye vichwa vyao ni bora kuliko moja yenye vichwa vya gorofa mbili. Na usitie tablo ndani ya tablo.

Saba, usitumie tablo kwa kupanga barua. Barua nyingi za ofisi zetu zinaanza na tablo yenye mistari haionekane: kushoto jina la inchi, katikati logo, kuume tarehe na namba. Mwenye kusikia anaambiwa «tablo», anajitayarisha kwa hesabu, kumbe ni anwani tu.

Kisha, jaribu mwenyewe. Weka kursere kwenye kachumba ka kwanza na usukume Tab mupaka mwisho. Kama kursere inatembea kutoka kushoto kwenda kuume, mustari kwa mustari, bila kuruka, na ukisoma kwa sauti yenye inapita inaeleweka, uko kwenye njia nzuri. Katika «Révision» kuko tena «Vérifier l'accessibilité», yenye itakuonyesha tuchumba twenye umeunganisha na tablo zenye hazina vichwa.

Buletini, ile tablo yenye kila muzazi anajua

Tuchukue karatasi moja yenye kila familia ya Kongo inajua: buletini ya shule ya sekondari. Juu, «Premier semestre», yenye inafunika kolone ine: periode ya kwanza, periode ya pili, egzame, na jumla. Pembeni, «Second semestre», vilevile. Kushoto, majina ya masomo. Na kila mara, katikati, mustari wa «Maxima» wenye kusema masomo yanayofuata ni juu ya 10, ao ya 20, ao ya 40.

Kwa macho, mutu anaizoea. Kwa sauti, ni musitu. Semestre iko juu ya kolone ine zenye kuunganishwa. Maxima iko mbali, mistari mitano juu. Baba asiyeona akisikia «14», hajui kama ni 14 juu ya 20, yenye ni furaha, ao 14 juu ya 40, yenye ni kikao cha familia.

Shule haiwezi kubadilisha buletini ya serikali, na hatuombi hivyo. Karatasi yenye sceau ibaki vile iko. Lakini mwalimu mwenye kutumia ordinatere anaweza kumutumia muzazi yule fishie ya pili, rahisi: kichwa kimoja kwa kila kolone, «Semestre 1, periode 1», «Semestre 1, periode 2», na kuendelea, na alama zenyewe ziandikwe kamili, «14 juu ya 20». Hapo baba atakaa na mutoto wake, na mutoto hatakuwa yeye ndiye mwenye kumusomea baba alama zake mwenyewe. Wazazi wanaelewa sababu gani jambo hilo ni la maana.

Ni vilevile kwa listing ya mushahara, kwa matokeo ya damu kutoka laboratware, kwa hesabu ya mukopo. Hizo ni tablo zenye mutu hapendi jirani azisome. Mwalimu asiyeona mwenye kupokea listing katika foto analazimika kutafuta macho ya mutu mwingine kusudi ajue amelipwa ngapi. Kisha hapo, hata huyo mutu mwingine anajua.

Sceau, sinyatire, na PDF

Kwenye ofisi moja waliniambia: «Sisi tunafanyaga tablo vizuri. Lakini karatasi ya kweli ni yenye sceau na sinyatire. Kwa hiyo tunaitoa kwenye imprimante, mukubwa anatia sinyatire, tunapiga sceau, tunascana, tunatuma.» Ni kweli, na ndiyo njia ya karatasi katika inchi yetu. Lakini pale kwenye scan, kazi yote nzuri inakufa: tablo inageuka foto.

Dawa haiombe franga. Tuma fishie mbili. Moja ni scan yenye sceau, kwa yule mwenye kutaka ushuhuda. Ya pili ni ile Word ya mwanzo, ao PDF yenye imetoka moja kwa moja ndani ya Word bila kupitia imprimante. Wakati wa kuiweka katika PDF, fungua «Options» na uangalie kama «Balises de structure de document pour l'accessibilité» imechaguliwa. Bila hiyo, programu inaweza kukosa vichwa vya tablo, hata kama katika Word vilikuwa vizuri.

Na kwa wale wanaotengeneza site za mashirika na za mikoa: kwenye intaneti kanuni ni ileile. Kichwa cha kolone kiwe na alama yake ya «th», si rangi tu. Kiwe na «scope» yenye kusema kama kinaongoza kolone ao mustari. Na jina la tablo liwe katika «caption». Kanuni za WCAG, zenye dunia nzima inafuata kwa site za intaneti, zinaomba tangu mwaka wa 2008 kama yenye macho yanaona katika mupangilio, programu nayo iweze kuijua.

«Lakini wako wangapi?»

Hilo ndilo ulizo lenye linarudi kila mara. Wako wangapi watu wasioona wenye kutumia ordinatere, katika muji wenye moto wa umeme unakatika kila siku? Hata wenye kuona hawana ordinatere.

Jibu la kwanza: telefone ziko kila fasi, na ile sauti iko ndani ya telefone bila kulipa. Wengi hawajui tu kama iko. Nimeona mutu mumoja mwenye aliachaga kusoma myaka kumi, na mutoto wa jirani akamufungulia TalkBack. Tangu pale anasoma ujumbe wake mwenyewe.

Jibu la pili: tablo ya kweli inamusaidia hata mwenye kuona. Mwalimu mwenye liste ya wanafunzi 60 anajua namna ukurasa wa pili unakuja bila vichwa, na mutu anaanza kurudi nyuma kuangalia kolone hii ni ya nini. Ukichagua «Répéter les lignes d'en-tête», vichwa vinarudi juu ya kila ukurasa. Na ile tablo ya nafasi, ukibadilisha ukubwa wa herufi ao ukiifungua kwenye telefone, maneno yanatawanyika kama kuku. Tablo ya kweli haitawanyike.

Jibu la tatu ni sheria. Katiba ya mwaka wa 2006, katika artikle 49, inasema mutu mwenye kilema iko na haki ya kulindwa kwa namna ya pekee. Mwaka wa 2015, Kongo ilikubali Mapatano ya Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye vilema, na artikle 9 ya mapatano hayo inataja waziwazi habari na mashine za habari. Na tangu tarehe 3 Mei 2022 tuko na sheria yetu wenyewe, loi organique namba 22/003, yenye kulinda na kuendeleza haki za watu wanaoishi na kilema. Watu wakisikia sheria hiyo, wanafikiri ngazi na mulango wa kiti cha magurudumu. Ni kweli. Lakini karatasi nayo ni mulango. Kijana wetu alifika kwenye sale bila shida. Kwenye karatasi ndipo alizuiwa.

Yeye mwenyewe hataki niseme tablo ndiyo ilimukosesha. «Papa, 9 ni yangu,» aliniambia. «Labda hata kama ningejua siku, ningepata 9. Lakini ningependa kuwa na uhakika.»

Seconde session

Wiki iliyofuata tulienda pamoja kumuona mama sekretere. Niliogopa kidogo, juu hakuna anayependa kuambiwa kazi yake iko na kasoro, zaidi sana wakati aliifanya kwa kusaidia. Kijana hakumulaumu. Alimuomba tu asikilize. Akafungua ordinatere kwenye meza, kati ya marundo ya fardi, akaacha sauti isome ile orere ya zamani. Mama akasikiliza mupaka mwisho. Akauliza: «Na mardi iko wapi?»

«Njo ile nilikuwa natafuta, mama.»

Mama alitikisa kichwa, akavuta klavie. Orere ya seconde session ilikuwa bado haijatoka. Tulimuonyesha «Insertion», tukamuonyesha mustari wa vichwa, tukamuambia asiunganishe tuchumba. Alilalamika kidogo kwamba «pas d'examen» inajaza karatasi, lakini akaiandika. Watu wawili waliingia kuuliza habari ya frais, akawajibu bila kuacha kuandika. Alipomaliza, kijana akapitisha mishale, kolone kwa kolone, na kwa kila siku alikuwa anaitika na kichwa. Finances publiques: Siku ya Ine, saa ine.

Akaikariri mara moja tu, kwa sauti yake mwenyewe.

Tulipokuwa mulangoni, mama alituita. «Na matokeo yakitoka? Hayo ni mukubwa ndiye anayatiaga sinyatire, tunayabandika kwenye valve. Nikutumie foto?»

«Hapana, mama,» kijana akajibu. «Unitumie tablo kama hii. Kama ni 9, miye mwenyewe njo nitakuwa wa kwanza kuisoma.»